Wimbo wa Bure Haupo



Imezuka hoja huko Kuluva, na kwa kuwa waliomo ndani yake ni wanachama wenzetu, tumeona heri kuisema waziwazi katika ukurasa huu wa Kiswahili kuliko kuiacha inong'onwe kwenye vibanda vya chai mpaka igeuke ugomvi.

Hoja yenyewe ni hii. Lipo kundi la muziki la watu saba hapo Kuluva, kando ya barabara itokayo Arua kwenda Nebbi. Wanne kati yao hukata miwa kusini kila msimu. Mmoja ni fundi cherehani, mmoja mwashi, na wa saba hupakia mizigo sokoni Arua. Wana adungu tatu, ngoma mbili, gitaa moja lililonunuliwa kwa mkopo, na sauti zao. Mwaka huu walirekodi nyimbo nane katika studio ndogo mjini Arua. Gharama waliitoa mifukoni mwao, na mwenzetu mmoja alituambia kwamba fungu lake peke yake lilikula mshahara wa miezi miwili ya kukata miwa. Sasa nyimbo ziko tayari ndani ya simu, na swali limewagawa: waziweke mtandaoni bure, kila mtu achukue, au watoze bei?

Watatu wanasema bure. Watatu wanasema bei. Mpiga ngoma, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri, alisema jambo jingine, nalo tutalifikia. Walitujia wakasema: ninyi wa chama ndio mnaojua mambo ya bei ya kazi, tuamulieni. Kuwaamulia hatukuweza, maana nyimbo si zetu. Lakini maoni tunayo, na tunayatoa hapa kwa sababu jambo hili haliwahusu wapiga adungu saba tu.

Tuanze na wale wa bure, maana hoja yao ni nzito kuliko tulivyodhani. Wanasema: sisi nani anatujua? Kijana wa Koboko akitaka muziki, nyimbo za Kongo zimemjaa simuni, za Kampala zimemjaa, za Juba zimemjaa, na zote amezipata kwa rafiki bila kutoa senti. Ukimwambia alipe shilingi 1,000 kwa wimbo wa watu wa Kuluva atacheka na kushika njia yake. Bali wimbo ukizagaa, siku moja mwenye harusi atauliza, "Hawa ni akina nani?" na atawaita. Harusini ndiko kwenye fedha. Wimbo kwao ni kibao cha duka, na hakuna mwenye duka anayemtoza mpita njia kwa kusoma kibao.

Ushahidi wa maneno haya hauko mbali. Huko Gulu, upande wa pili wa Nile, Otim Alpha alikuwa mwimbaji wa harusi za Waacholi kwa miaka mingi, ngoma za kienyeji zikipigwa kwa kompyuta. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya nyimbo zake katika santuri iitwayo Gulu City Anthems, na watu wa Ulaya wakaanza kuinunua mtandaoni na kumwita kwenye matamasha yao. Lakini kabla Mzungu hajatoa hata shilingi moja, nyimbo zile zilikwisha kumlisha mwenyewe, na zilimlisha kwa kualikwa. Huo ndio ukweli wa mwanamuziki wa kaskazini: jukwaa ndilo shamba lake.

Basi wale watatu si wajinga. Wala si wavivu wa kudai haki, kama mwenzetu mmoja alivyowatukana kikaoni, tukalazimika kumkanya.

Hata hivyo lipo neno moja walilolisema ambalo hatulikubali hata kidogo. Walisema kwamba kwetu muziki siku zote ulikuwa wa bure, na kwamba kutoza bei ni tabia ya kuiga. Ndugu, hilo si kweli. Mpiga adungu aliyeitwa kwenye sherehe hakulala njaa. Wapuliza agwara wa Nebbi walipokesha matangani hawakurudi kwao na koo kavu. Chakula kilitengwa, pombe ilitengwa, na siku ya mwanamuziki kuezeka nyumba yake wale aliowachezea hawakukosa kutokea. Hayo yalikuwa malipo, na mwenye kuyakwepa alijulikana kijiji kizima. Fedha ndiyo haikuwepo, deni lilikuwepo. Kilichobadilika siku hizi ni kwamba msikilizaji yuko mbali, hujui jina lake, naye hatakuja kukuezekea nyumba.

Wazee wetu walikwisha kuujua umbali huo. Tangu miaka ya 1920 watu wa West Nile, Walugbara na Waalur wengi wao, wamekuwa wakishuka kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa: Lugazi ya Mehta, baadaye Kakira ya Madhvani. Walienda na nyimbo zao, na kambini wakazichanganya na Kiswahili ili Mnyarwanda na Mkakwa waelewane. Nyimbo nyingi zilizorudi nyumbani kwetu zilitoka katika kambi hizo. Hatujui nani alizitunga. Watungaji walikuwa wakata miwa, na mkata miwa akishaimba wimbo jioni, kesho yake wimbo ni wa kambi nzima. Tunayasema haya ili kijana wa leo asidhani kwamba muziki na kazi ya shamba ni mambo mawili yaliyokutana juzi.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe: bure. Hebu tufuate shilingi inakokwenda.

Mwanachama wetu ameketi kambini saa mbili usiku. Anataka kusikiliza wimbo wa Kuluva ulioko mtandaoni bure. Kwanza lazima awe na simu, nayo aliinunua. Lazima simu iwe na moto, na kama kambi haina umeme atalipa kibandani kuichaji. Kisha lazima anunue data. Kampuni ya simu inachukua fedha zake kabla hajasikia hata kinanda kimoja. Serikali nayo inachukua: mwaka 2018 ilikuwa shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na tangu Julai 2021 kodi ile ikaondolewa, ukawekwa ushuru wa 12 kwa mia juu ya data yenyewe. Mtandao ukifunguka, kabla ya wimbo linatokea tangazo la sabuni au la benki, na mwenye sabuni amelipa ili tangazo lake litazamwe na mwanachama wetu. Ndipo wimbo unapoanza.

Hesabuni wenyewe. Mwenye simu amelipwa. Mwenye kibanda cha kuchaji amelipwa. Mwenye mnara amelipwa. Serikali imelipwa. Mwenye mtandao amelipwa na mwenye sabuni. Aliyetunga wimbo, aliyeupiga, aliyeuimba na aliyeutolea mshahara wa miezi miwili hakulipwa kitu, na anaambiwa hilo ndilo "bure".

Wimbo wa bure haupo, ndugu. Msikilizaji amekwisha kulipa, na kwa kipato chake amelipa sana. Kwa hiyo swali la Kuluva liliulizwa vibaya tangu mwanzo. Waliuliza kama mfanyakazi mwenzao alipe au asilipe. Ilipasa waulize: katika fedha ambazo mfanyakazi huyu amekwisha kuzitoa, kwa nini fungu la mwimbaji ni sifuri?

Yupo na mwenye kibanda cha kujaza nyimbo. Kila mtu wa Arua na Koboko anamjua. Ana kompyuta moja, spika moja ya kupigia kelele barabarani, na kazi yake ni kujaza nyimbo kwenye memori kadi za wateja kwa bei ya kienyeji. Huyu hana ubaya wa moyoni. Ni mchuuzi kama wachuuzi wengine, na pengine ndiye anayeutangaza muziki wetu kuliko redio. Lakini anauza. Anauza kila siku. Na kama wale saba wakiweka nyimbo zao bure, atazichukua bure na kuziuza kwa bei. Memori kadi zitavuka mpaka kwenda soko la Ariwara na kurudi, wala hakuna forodha itakayoziuliza, ilhali gunia la kahawa likivuka hapo hapo lazima lipimwe.

Wenzetu wa bei wakapiga makofi tulipofika hapo. Tukawaambia ngojeni kwanza, maana ninyi nanyi mna la kusikia.

Wao walidhani kwamba kutoza bei ni kuziweka nyimbo katika maghala makubwa ya kigeni, halafu kukaa kusubiri hundi. Spotify ilifika Uganda mwezi Februari 2021, na vijana wengi walishangilia kana kwamba kiwanda kimefunguliwa. Malipo ya ghala lile hukadiriwa kwa kawaida kuwa kati ya theluthi moja ya senti na nusu senti ya dola kwa kila wimbo unapopigwa mara moja. Ukipigwa mara 1,000, unazungumzia dola tatu hadi tano, na hizo zigawanywe kwa watu saba baada ya wakala kukata chake. Tena tangu mwanzo wa mwaka 2024 kampuni hiyo iliweka sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu chochote. Fedha ambazo ungepata zinaingizwa katika fungu la wale waliofikisha.

Sisi tunaopima majani ya chai na miwa tunalielewa jambo hili haraka kuliko maprofesa. Ni sawa na msimamizi wa mizani kukuambia kwamba kapu lako halikufika kipimo, kwa hiyo hatakuandikia kitu, ila majani yako atayamimina katika kapu la jirani yako aliyejaza. Shambani tungegoma siku hiyo hiyo.

YouTube nako kuna kizingiti chake. Ili upewe sehemu ya fedha za matangazo unatakiwa uwe na wafuasi 1,000, na video zako ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika mwaka, au utimize kipimo kingine cha video fupi. Hujafika? Tangazo linaweza kuwekwa juu ya wimbo wako vilevile, nawe hupati kitu.

Basi kusema "tutoze bei" bila kusema nani ataitoza na mizani imeshikwa na nani, ni kama mfanyakazi anayedai mshahara bila kutaja kiasi.

Hapa tunaomba tuwakumbushe habari ya mfanyakazi mwenzetu mmoja wa kiwandani, maana wengi wamesikia wimbo wake bila kujua. Solomon Linda alikuwa Mzulu, na alifanya kazi ya kufungasha katika kiwanda cha santuri cha Gallo huko Johannesburg. Mwaka 1939 yeye na kundi lake waliimba wimbo wake Mbube mbele ya mashine ya kampuni hiyo hiyo. Wimbo ukauzwa sana. Ukavuka bahari, Wamarekani wakaugeuza, ukaingia katika filamu, ukazalisha mamilioni ya dola. Linda alikuwa ameiachia kampuni haki zote kwa shilingi 10. Alikufa mwaka 1962 katika umaskini. Watoto wake walipata mapatano mwaka 2006 tu, baada ya mawakili kuingia mahakamani. Fikirini: mtu anafungasha kwa mkono wake santuri zenye sauti yake mwenyewe, kwa ujira wa kibarua. Hakuibiwa na mwizi wa usiku. Alitia sahihi.

Zile studio ndogo za Arua nazo zina karatasi zao. Kuna mwenzetu, tusimtaje, aliyerekodi nyimbo tatu miaka kadhaa iliyopita, na alipotaka kuzipeleka redioni akaambiwa na mwenye studio kwamba nyimbo ni za studio kwa kuwa zimo ndani ya kompyuta ya studio. Aliamini. Alinyamaza miaka miwili. Sheria ya Haki ya Mtunzi na Haki Jirani ya mwaka 2006 haisemi hivyo hata kidogo. Haki ni ya mtunzi tangu anapoutoa wimbo kichwani na kuuweka katika umbo la kudumu, si lazima hata asajili, na inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kompyuta ni ya mwenye studio. Wimbo si wa kompyuta. (Tukubali pia kwamba mwenye studio ana gharama zake. Mpaka mwaka 2024 mkoa wetu haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa, na dizeli ya jenereta haikuwa mchezo. Lakini gharama hulipwa kwa ada ya kurekodi, na ada mwenzetu alikuwa amekwisha kuilipa.)

Ila sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho kila mwanachama anapaswa kukijua. Mtu akitunga katika utumishi wake, yaani ameajiriwa kwa kazi hiyo, haki ya wimbo ni ya mwajiri, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Kwa hiyo kampuni ikianzisha bendi yake, ikawalipa mishahara na kuwapa sare, soma karatasi kabla ya kuimba.

Bendi za namna hiyo zimekuwapo, na nyingine zilikuwa za vyama vya wafanyakazi wenyewe. Wazee wanaikumbuka NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika. Ndiyo iliyokuja kuitwa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na mwishowe Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa mali ya chama, mwanamuziki alipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Sisi wa vyama tunajivunia habari hiyo, na ni haki yetu kujivunia: mpiga tarumbeta alikuwa mfanyakazi, hakuwa ombaomba. Lakini tusijidanganye. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa na bendi ile tangu mwanzo na ambaye sauti yake inajulikana kutoka Mombasa hadi Bukavu, alistaafu muziki mwaka 2013. Mwaka huo huo kijana Diamond Platnumz alimzawadia gari, na gazeti zima likawa habari ya gari hilo. Gurumo alifariki Aprili 2014. Tunampongeza aliyetoa. Lakini mtu aliyefanya kazi karibu nusu karne, nyimbo zake zikipigwa redioni kila wiki, anapata gari kwa ukarimu wa kijana! Mshahara ulilipa miezi yake. Nyimbo ziliendelea kufanya kazi baada ya mshahara kukoma, na hakukuwa na daftari lililoandika kazi hiyo.

Kuna wanaotuletea mfano wa Ulaya. Wanasema kundi la Radiohead la Uingereza mwaka 2007 liliweka nyimbo zake mtandaoni na kumwambia kila msikilizaji alipe anachotaka, hata sifuri, na halikufilisika. Ni kweli. Ila Radiohead walikuwa na miaka zaidi ya 10 ya kuuza santuri dunia nzima kabla ya siku hiyo. Bure ya tajiri ni karamu. Bure ya mkata miwa ni kufunga. Mifano miwili hii haipimwi kwa mzani mmoja.

Mfano ulio karibu zaidi na haja yetu ni duka la mtandaoni liitwalo Bandcamp, lililoanzishwa Marekani mwaka 2008, ambamo mwanamuziki asiye na kampuni anapanga bei yake mwenyewe, hata akitaka kusema "kuanzia sifuri", na duka linakata 15 kwa mia za wimbo. Hiyo ni mizani inayoonekana kwa macho, na nyimbo za Otim Alpha tulizozitaja zimeuzwa humo. Tuliwasifia wenzetu wa Kuluva duka hilo. Lakini sisi ni watu wa chama, na tukiingia dukani tunamtazama na anayesimama nyuma ya meza. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Bandcamp walipiga kura kuunda chama chao. Mwaka huo huo duka likauzwa kwa kampuni nyingine, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa nje, wakiwemo wajumbe waliokuwa wakijadiliana na mwajiri. Mtu akikuambia kwamba mtandao hauna mabosi, mwambie habari hiyo.

Na wanamuziki wa huko Marekani wanafanyaje? Wamefanya kama sisi. Mwaka 2020 waliunda chama cha wanamuziki na wafanyakazi wa fani zinazoambatana, UMAW, na dai lao la kwanza kwa Spotify lilikuwa senti moja nzima kwa kila wimbo unapopigwa. Mwaka 2024 mbunge Rashida Tlaib alipeleka mswada bungeni kwao juu ya ujira wa wanamuziki. Bado ni mapambano. Kwa jirani zetu wa Kenya yamefika mbali zaidi: sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inasema kwamba katika fedha za nyimbo zile zinazolia unapompigia mtu simu, mwenye wimbo apate si chini ya 52 kwa mia. Zamani kampuni ya simu ndiyo iliyokuwa ikila nyama na mwimbaji akilamba mfupa. Asilimia hiyo haikutokana na huruma ya kampuni ya simu. Iliandikwa katika sheria.

Sisi Uganda tunacho chama cha kukusanya haki za wanamuziki, UPRS, tangu mwaka 1985, na kazi yake ni kudai ada kwenye hoteli, mabaa, redio na mabasi yanayopiga muziki. Ni wanamuziki wangapi wa West Nile wamejiandikisha? Katika wale saba hakuna hata mmoja. Tulipowauliza kwa nini, walisema hayo ni mambo ya Kampala. Ndugu, mishahara ya mashamba nayo ilikuwa mambo ya Kampala mpaka tulipopanda basi.

Basi maoni yetu kwa wenzetu wa Kuluva tuliyatoa hivi, na tunayarudia hapa ili mwingine aliye katika hali yao ayapime.

Msimtoze jirani. Kijana wa Koboko anayemtumia mwenzake wimbo kwa simu mwacheni, hamtampata, na mkimpata hana kitu. Chagueni nyimbo mbili kati ya nane, zile mnazojua zinachezeka, ziwekeni mtandaoni wazi kabisa, na ndani yake mtaje jina la kundi na namba ya kuwaitia. Hicho ndicho kibao cha duka, na wa bure wamepata haki yao.

Zile sita wekeni bei. Bei iwe ndogo, na njia ya kulipa iwe pesa za simu, kwa maana msikilizaji wenu hana kadi ya benki. Walioko mbali, watu wetu wa Kampala, Juba, London na Toronto, wapangieni bei yao katika duka la mtandaoni lenye mizani inayosomeka. Mtu wa Arua anayeosha vyombo London na ambaye hajasikia adungu ya nyumbani kwa miaka mitano hatashindwa na bei ya chupa moja ya bia. Muulizeni.

Na wale wanaopata fedha kwa kutumia nyimbo zenu, hao wadaini bila haya. Mwenye baa, mwenye hoteli, mwenye basi la usiku, na mwenye kibanda cha memori kadi. Mgombea anayefunga spika juu ya lori na kupiga wimbo wenu wiki tatu akitafuta kura naye ni mwajiri, hata kama anawaita "vijana wangu". Apewe bei kabla ya lori kuondoka.

Andikeni mgawo sasa, wakati fedha hazijaja. Watu saba, mafungu saba, au vingine mkikubaliana, lakini uwe kwenye karatasi, na jina la kila aliyetunga liandikwe mbele ya wimbo wake. Tumeona makundi yakivumilia njaa miaka mingi kwa amani kisha yakavunjika kwa shilingi 300,000.

Walisikiliza. Waliuliza maswali mengi, hasa juu ya mwenye kibanda. Jumapili iliyofuata wawili wao walikwenda kumwona yule aliyeko njia panda karibu na Kuluva. Alikasirika kwanza, akasema nyimbo za Kongo hazimdai kitu. Halafu akasema kama watampa nyimbo wiki mbili kabla ya vibanda vingine, yuko tayari kuwapa kitu kila Jumamosi kwa zile anazojaza. Ni kiasi gani, bado wanavutana. Kwa maoni yetu huo ni mkataba wa kwanza wa kazi ya muziki kujadiliwa hapo njia panda, na tumeahidi kumpeleka katibu wa tawi akae nao siku ya kuuandika.

Limebaki lile la mpiga ngoma. Mzee huyu alisikiliza pande zote mbili tangu mwanzo na akasema katika zile nane kuna wimbo mmoja wa msiba, aliutunga alipomzika mkewe, na hataki bei wala hataki ubure wa mtandaoni. Anataka uimbwe pale walipo wafiwa, basi. Vijana walimweleza kwamba ndio wimbo mzuri kuliko yote, na kwamba ndio utakaouza. Sisi tulimuunga mkono mzee, maana mfanyakazi ana haki ya kuweka bei ya kazi yake na ana haki pia ya kukataa kuiuza. Wenzake wawili hawajakubali, na mpaka tunaandika haya nyimbo zilizokuwa tayari kuwekwa mtandaoni ni saba.